Siku moja ya mwanagenzi wa umeme: asubuhi kwenye paneli, alasiri darasani

Saa 11:15 alfajiri

Naamka kabla simu haijalia. Jumatano ndiyo siku ndefu kuliko zote kwenye ratiba yangu: kazini hadi saa 7 mchana, kisha chuoni kuanzia saa 8 hadi saa 12 jioni. Alhamisi nakuwa darasani kutwa. Siku tatu zinazobaki ni kazi tupu. Niko mwaka wa pili wa uanagenzi wa umeme wa viwandani, na mkataba wangu unahesabu saa za darasani kama saa za kazi, kwa hiyo nalipwa nikiwa nimeshika bisibisi na nalipwa nikiwa nimeshika kalamu.

Naangalia begi mara mbili: miwani ya kujikinga, glovu, kufuli langu jekundu, testa, daftari la kazi. Buti nimeziacha karakanani.

Saa 1:30 asubuhi

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Pampu yako imetusumbua usiku kucha."

Anasema "yako" kwa sababu wiki iliyopita mimi ndiye niliyefunga upya nyaya kwenye paneli yake. Ni pampu inayozungusha maji ya kupoozea mitambo. Zamu ya usiku wameiwasha mara tatu, na kila mara inazunguka dakika chache kisha ovalodi, kile kifaa kinachoikinga mota isizidiwe na mzigo, inakata. Wakiiacha ipoe, inawaka vizuri kana kwamba haina neno. Halafu inakata tena.

Fundi mlezi wangu ana zaidi ya miaka ishirini kwenye kazi hii. Angeweza kwenda mwenyewe na kumaliza kabla sijafunga kamba za buti. Badala yake ananiuliza: "Utaanzia wapi?"

Najibu kwamba nitaanza kwa kupima, si kwa kufungua. Anaitikia kwa kichwa, tunaondoka.

Saa 2:10

Kibati cha mota kinasema kilowati 5.5, volti 400, ampea 11. Daftari la matengenezo linaonyesha kwamba siku za kawaida pampu hii inakula ampea 8 kwenye kila fazi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazoilisha. Tunaiwasha. Fundi anasimama nyuma yangu kidogo, mkono karibu na kitufe cha kuzimia, nami nazungushia klampu ya kupimia ampea kwenye waya wa kwanza: 8. Wa pili: 8. Wa tatu: 8. Kila kitu sawa.

"Subiri," anasema.

Tunasubiri. Dakika ya sita mlio unabadilika, unakuwa mzito, kama mtu aliyeongezewa mzigo mgongoni. Napima tena harakaharaka. Wa kwanza 14. Wa pili sifuri. Wa tatu 14. Muda si muda, ovalodi inakata na kunakuwa kimya.

Fazi moja imepotea, na mota imejaribu kuubeba mzigo uleule kwa fazi mbili. Hilo nililijua. Kilichonikaa kichwani ni ile 14. Kwa nini 14, si 12, wala si 16 ambayo ni mara mbili ya 8? Naiandika ukingoni mwa daftari na kuizungushia duara.

Saa 2:40

Sasa ndiyo tunafungua, na hapa hakuna kukimbilia. Nazima breka kuu ya pampu, natia kufuli langu, ufunguo naweka mfukoni mwangu, natundika kibao chenye jina langu. Naijaribu testa kwenye sehemu ninayojua ina umeme, iniambie kwamba ni nzima. Napima fazi zote tatu pale tunapotaka kugusa, fazi kwa fazi na fazi kwa ethi, yaani waya wa ardhini. Hakuna umeme. Kisha narudisha testa kule kwenye umeme kuhakikisha haikufa katikati ya kazi. Mwaka wa kwanza niliona hatua hii ya mwisho ni kupoteza muda. Testa iliyokufa inaonyesha sifuri sawasawa na waya uliokufa, na mkono wako hauna namna ya kujua tofauti mpaka uguse.

Nalegeza skrubu ya pili upande wa chini wa kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha na kuzima mota, waya unatoka bila hata kuuvuta. Naugeuza kwenye mwanga wa tochi. Shaba imebadilika rangi, imeingia zambarau iliyoelekea weusi. Ganda la plastiki karibu na ncha limebonyea, na kwenye ule mbonyeo kuna alama ya skrubu, wazi kabisa.

Moyo unanidunda. Kontakta yenyewe imeandikwa ubavuni waya umenywe urefu gani. Mimi niliumenya kama nusu ya hapo, kwa hiyo skrubu ikang'ata ganda badala ya shaba. Nilipokuwa nakaza niliisikia imebana, nikaridhika. Kumbe ilikuwa imebana plastiki. Shaba iligusa kwa ncha tu, na mguso mdogo unazaa joto, joto linalainisha plastiki, mguso unazidi kulegea hadi unaachia. Ikipoa, inagusa tena. Ndiyo maana zamu ya usiku waliona inawaka vizuri kila walipoipumzisha.

"Ni mimi, fundi," nasema.

"Najua. Mimi pia niliikagua kwa macho, sikuuvuta waya. Tumekosa wawili."

Haongezi neno. Ananipa kimenyeo, na bisibisi ile yenye kipimo cha nguvu ya kukaza.

Nakata ncha iliyoungua hadi nafika kwenye shaba inayong'aa, namenya kwa kipimo, naingiza, nakaza hadi bisibisi inapotoa mlio wake, kisha navuta waya kwa mkono. Kontakta yenyewe tunaibadilisha, maana joto lilishaigusa. Tunaiwasha pampu na kukaa nayo nusu saa nzima. 8, 8, 8.

Saa 4:30

Kazi ndogondogo: kubadilisha taa mbili, kusafisha vumbi kwenye feni ya paneli, kujaza fomu ya hitilafu. Kwenye fomu naandika chanzo bila kukizungusha. Fundi anasoma, anatia saini.

Saa 7:20 mchana

Njiani kwenda chuoni nafuatana na kijana anayemaliza shule, anafikiria kuomba nafasi ya uanagenzi mwakani. Swali lake la kwanza ni lile la kila mtu: kweli unalipwa ukiwa bado mwanafunzi?

Nalipwa. Si sawa na fundi aliyefuzu, wala sioni haja ya kulalamika juu ya hilo, ila kiwango kinapanda kila mwaka na kimeandikwa kwenye mkataba. Namweleza kwamba hili si jambo la kuombewa fadhili. Nchini Ujerumani, sheria ya mwaka 1969 inataka mwajiri na mwanagenzi wawe na mkataba, alipwe posho inayopanda angalau kila mwaka, na aruhusiwe kwenda shule ya ufundi. Marekani wana sheria ya uanagenzi tangu 1937, na programu zao zilizosajiliwa zikipimwa kwa muda zinadai saa zisizopungua 2,000 za kazi, pamoja na masomo ambayo pendekezo lake ni saa 144 kwa mwaka. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Na. 208 kuhusu uanagenzi bora, na ndani yake yamo makubaliano ya maandishi, malipo ya kutosha na cheti kinachotambulika.

Namwambia pia yaliyonipata mimi. Kabla ya hapa nilikaa miezi mitatu mahali ambapo waliniita mwanagenzi. Sikuwa na mkataba, malipo, wala darasa. Nilifagia, nilibeba nyaya, nilitumwa. Siku niliyouliza nitafundishwa lini kufunga paneli, nilijibiwa kwamba macho ninayo, nitazame. Nilikuwa naondoka saa 10 kwenda kutafuta kibarua cha jioni, na usiku nikifungua kitabu cha umeme nasinzia juu yake. Hasira niliyo nayo juu ya ile miezi mitatu haijaisha. Kijana akifanyishwa kazi bila kufundishwa ameibiwa, hata kama aliyemfanyia hivyo anaita mafunzo.

"Sasa niulize nini kabla ya kusaini?" anauliza.

Namwambia aulize nani atakuwa fundi mlezi wake, kwa jina, na huyo mtu amepewa muda gani wa kumfundisha. Malipo na cheti ataviona kwenye karatasi. Muda wa fundi hauandikwi mara nyingi, na bila huo vingine vyote ni jina tu. Leo asubuhi pampu ingeweza kurekebishwa kwa dakika kumi. Tumetumia saa mbili, na mwajiri amelilipia hilo.

Saa 8:00 mchana

Darasa la umeme wa fazi tatu. Tuko kumi na wanane, kila mmoja ametoka kwenye karakana yake, wengine bado wana grisi kwenye kucha. Mkufunzi anaandika ubaoni: nguvu ya fazi tatu ni kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.73, mara volti, mara ampea, mara kipengele cha nguvu, yaani ile sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi. Hesabu hii niliikariri mwaka jana kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikaisahau.

Namtazama ubaoni, kisha natazama duara langu kwenye daftari.

8 mara 1.73 ni 13.84.

Nanyoosha mkono hata kabla hajamaliza sentensi. Naeleza pampu, fazi iliyopotea, ile 14. Mkufunzi anaweka chaki chini. Anachora mota ikilishwa na nyaya mbili tu: sasa ile 1.73 imetoka kwenye hesabu, mzigo ni uleule, volti ni zilezile, basi ampea hazina budi kupanda kwa kiasi hichohicho ili kufidia. Anaongeza onyo kwamba mota halisi ikikosa fazi inapoteza pia ufanisi wake, hivyo mara nyingi ampea zinapita hapo, na mota iliyobeba mzigo wake wote inaweza kusimama na kuungua. Mwenzangu wa kiti cha nyuma anasema kwao mota moja iliungua hivyo mwezi uliopita na hakuna aliyewaeleza kwa nini. Tunaitumia saa nzima iliyobaki kwenye mota yake.

Saa 3:00 usiku

Nimechoka, lakini daftari la kazi lazima lijazwe leoleo. Nachora kontakta, nachora waya uliomenywa vibaya na uliomenywa vizuri, naandika 8, 0, 14 na hesabu ya ubaoni pembeni yake. Sehemu ya saini ya fundi mlezi naiacha wazi.

Kisha nahesabu. Wiki ile nilifunga nyaya kumi na mbili kwenye paneli mbili, na tumekagua sita tu. Namtumia fundi ujumbe: Ijumaa naomba tuanze na ile paneli ya pili, nizivute zote moja moja.

Anajibu baada ya dakika mbili: "Njoo na kufuli lako."