Moja Iliyofanana na Tisa

Jana binti yangu aliiacha juisi yake ya ukwaju, akawa anapapasa meza. "Baba, hapa pameandikwa tisa."

Tulikuwa kwenye mkahawa mmoja Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, wa hawa wanaopenda vya kale. Meza yenyewe imeungwa kwa mbao za duka. Nikainama kutazama, mwili ukanisisimka. Haikuwa tisa.

Mwaka 1986 Ramadhani iliingia Mei, masika bado inamwaga. Kaka alikuwa na homa, kwa hivyo kufunga duka la Babu, pale Mchangani, kukaniangukia mimi. Duka lilikuwa kama wenzake: chini biashara, juu watu wanaishi, jembamba, maana upana wa chumba uliamuliwa na boriti, na boriti ya mkoko haifiki mbali. Mlango wa mbele hakuna. Palikuwa na uwazi mmoja mpana, na mbao tisa za msaji za kuuziba usiku. Unainua ubao, kichwa chake kinamezwa na mfereji wa kizingiti cha juu, unaushusha, mguu unakaa kwenye mfereji wa chini. Zikishatimia unapitisha pao la chuma, unatia kufuli.

Ila kila ubao una mahali pake. Kuta za mawe na chokaa hutitia kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, na uwazi ule ulikuwa mrefu upande mmoja, mfupi upande wa pili. Fundi wa zamani alichonga nambari kwa patasi, kwa Kigujarati. Na moja ya Kigujarati, kwa mtoto wa skuli kama mimi, ni tisa kabisa.

Basi ile moja nikaiweka pembeni, ije mwisho. Mahali pake nikaanza na ubao wenye alama nisiyoielewa, mrefu, uliovimba kwa mvua. Haukutaka kuingia. Nikachukua jiwe la mizani, la kilo mbili, nikaugonga. Ukaingia! Nikajiona fundi. Zilizofuata zikaingia zenyewe, mpaka nikabaki na uwazi mmoja na ubao mmoja, na ubao ule kila nikiusimamisha unanirudia kifuani. Vidole vitatu vimepungua juu. Nikausukuma, ukarudi. Njia imeshakuwa tupu, harufu ya samaki wa kukaanga inashuka kutoka ghorofani, maji ya mvua yananidondokea shingoni, nami nimeukumbatia ubao kama mgonjwa asiyeweza kusimama. Adhana ya magharibi ikanikuta hivyo hivyo.

Babu akatokea na kikapu cha futari. Akatazama mbao, akatazama jiwe mkononi mwangu.

"Umeanzia wapi, mjukuu wangu?"

Nikamwonesha. Akaujaribu ule wa kwanza, haukutikisika. Sikugombezwa, na hilo ndilo lililoniliza. Akaketi pale penye uwazi, mgongo kwenye ubao wa nane, akanipa tende. Tulifuturu muhogo wa nazi tukichungulia njia, na usiku Babu akalala papo hapo juu ya gunia, miguu nje barazani. Asubuhi seremala aliung'oa kwa mtaimbo. Ukapasuka ncha.

Siku hizi pale pana geti la chuma na fulana za watalii. Siwezi kulalamika sana. Lile geti hata mtoto analifunga.

Nikaitafuta ncha iliyopasuka chini ya ile meza, nikainama mpaka mhudumu akaja kuuliza kama nimeangusha kitu. Ncha zote zimekatwa kwa msumeno, sawasawa. Aliyeziunga kaweka nne, kisha moja, kisha saba.

"Hiyo ni moja, mwanangu," nikamwambia.

Akaifuatisha tena kwa kidole, polepole, kitanzi kisha mkia.

"Tisa," akasema, akarudi kwenye juisi yake.