Matumba Ishirini na Manne

Cherehani ya baba ilikaa chumba cha mbele cha nyumba yetu Kibokoni, Mombasa, dirisha likitazama kichochoro. Mwaka mzima alishona kanzu, madera na nguo za shule. Ikifika Septemba wateja wa Kihindi walianza kuja na vitambaa vyao, vyekundu, vya kijani, vya manjano, vingine vimetariziwa vioo vidogo vya mviringo, na chumba chote kikajaa sketi. Sketi hizo huitwa chaniya. Huvaliwa usiku tisa za Navratri, sikukuu ya Wahindu, na baba alizishona tangu kabla sijazaliwa.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilipotimiza miaka 16 nilikwisha jua kupiga bandi, kukunja pindo na kutia kamba ya kiunoni, na maneno ya kazi ile nilikuwa nayo yote. "Nipe kali ya tisa," baba alisema, nami nikampa. Kali ni kile kipande kirefu cha sketi, chembamba juu, kipana chini. Gher ni upana wa pindo. Nadu ni kamba. Abhla ni vile vioo. Niliyatumia kama nilivyotumia bandi na bitana. Baba aliyapokea kwa fundi aliyemfundisha kazi, nami nikayapokea kwa baba, na haikunijia hata siku moja kwamba ni maneno ya lugha ya watu, yenye maana nyingine nje ya chumba chetu.

Mwaka 2004 kazi ilitulemea. Mwezi ulioandama katikati ya Oktoba ulileta Navratri na Ramadhani pamoja. Wahindi walitaka chaniya zao leo, na majirani walitaka kuwahi foleni ya nguo za Idi. Baba alikuwa akitoka tarawehe anakaa kwenye cherehani mpaka daku, mama akimletea kahawa bila kusema neno.

Usiku wa tano wa Navratri mteja mmoja alipiga simu. Binti yake alikanyagwa pindo akicheza, mshono wa sketi umeachia mpaka karibu na kiuno, na amejifungia chumbani pale ukumbini hataki kutoka. Baba hangeweza kwenda kushona upande wa wanawake. Alinitilia kwenye mfuko mkasi, sindano mbili na uzi mwekundu, akamwamsha kaka yangu anisindikize.

Ukumbi ule wa jamii ya Kihindu nilikuwa nimepita mbele yake tangu utotoni. Sikuwahi kuingia. Langoni askari alitutazama mara moja akatuelekeza mlango wa nyuma, ule wa wapishi na wabeba viti. Sikushangaa, na sitaki kusema sasa kwamba nilishangaa. Ndivyo tulivyoishi mji ule: tuliuziana, tulishoneana, tulipikiana, kisha kila mmoja akaingia kwake akafunga komeo. Kaka alibaki barazani nikaingia peke yangu.

Binti alikuwa wa rika langu. Alisimama katikati ya chumba, mikono juu, nami nikapiga magoti nikamshona sketi ikiwa mwilini mwake, mkono wa kushoto nikiuweka ndani ya kitambaa ili sindano isimguse. Niliijua ile sketi. Ilikuwa na kali 24 na gher ya mita 6, na mshono ulioachia ulikuwa wa mkono wangu mwenyewe. Nilipokata uzi alinishukuru kwa Kiingereza, akakimbilia muziki.

Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha. Lakini kwenye mlango wa kuingilia ukumbini alikuwa ameketi bibi mmoja kwenye kiti cha plastiki, sari ya rangi ya majivu, kishada cha asmini kwenye nywele zake nyeupe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Ndoo, mwanangu. Mwana wa fundi, ndoo ukae."

Nilisimama nikamtazama. Kiswahili nilichozoea kukisikia kwa Wahindi kilikuwa cha dukani: lete, weka, punguza, kesho. Huyu alisema Kiamu, tena kilichotulia, kama bibi zetu wa Lamu wanaokuja mjini kwa arusi.

"Mimi nimezawa Amu," alisema, kana kwamba nimemwuliza. Babake alikuwa na duka kule, mababu zake walishuka na jahazi kutoka Kachchh, India, kwa upepo wa kaskazi, na yeye alikuja Mombasa kwa kuolewa. Wote pale ukumbini walimwita Ba, yaani mama. Nami nikamwita Ba.

"Umekuya na nani?"

"Na kaka. Yuko nje."

Alicheka. "Kwetu sisi kaka ni ami. Na dada, wajua ni nani? Ni babu, mzaa baba. Na mama ni mjomba."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Akahesabu kwa vidole, kwa utaratibu: ndugu wa baba ni kaka, ndugu wa mama ni mama, baba wa baba ni dada. Wakati huohuo kitoto cha kike cha miaka kama minne kikaja mbio, kikamvuta sari na kulia, "Nani! Nani!" Nikageuka kutazama anamwulizia nani. Ba akampakata. Alikuwa mjukuu kutoka Leicester, Uingereza, wamekuja kwa likizo, Kiswahili hakijui. Nani kwa Kigujarati ni nyanya, mzaa mama. Alikuwa akimwita bibi yake tu.

Sijui kwa wengine, lakini kwangu mimi dunia ilisogea kidogo pale. Kaka, dada, mama, nani ni maneno ya kwanza mtoto kuyajua. Tulikuwa nayo sote wawili, ndani ya mji mmoja, na kila mmoja ameyapa watu wengine.

Nikaanza kumwuliza. Bangili? Ni yetu, alisema, bangdi. Laki? Yetu. Bima? Yetu. Kachumbari? Alinipiga paja: "Hiyo nayo waniuliza!" Bepari ni vepari, mfanyabiashara tu, hana tusi lolote, alisikitika nilipomwambia namna tunavyolitumia sisi. Na yeye akanipa ya kwake, maneno ya Kiswahili yaliyoingia kwenye Kigujarati cha nyumbani kwao bila mtu kuyaalika: sufuria, kisu, fagio, kuku. Jamaa zao wakija kutoka India, alisema, huyasikia hayo wakabaki wanatazamana.

Mbele yetu mduara ulikuwa unazunguka. Katikati walikuwa wameweka garbo, mtungi wa udongo uliotobolewa matundu pande zote, taa ikiwaka ndani, na mwanga ukitoka kwa nukta nukta. Ba alisema neno lenyewe latokana na tumbo la uzazi; mtungi ni mama na taa ni uhai ulio ndani yake, ndiyo maana wanauzunguka. Ngoma hiyo nayo jina lake ni garba. Desemba 2023, UNESCO ilipokutana Kasane, Botswana, ikaiandika garba ya Gujarat katika orodha yake ya urithi wa binadamu, niliisikia habari hiyo redioni nikiwa jikoni, nikazima jiko nikakaa chini. Mimi garba niliyoijua ilikuwa ya Mombasa, ikichezwa kwa nguo zilizoshonwa Kibokoni.

Be tali, alinifundisha, ni makofi mawili. Tran tali ni matatu. Wanawake waliinama, wakapiga kofi chini, wakainuka wakageuka, wakapiga tena, na mduara wote ukasonga hatua moja kinyume cha saa. Mpiga dhol, ngoma yao, aliongeza kasi kidogo kidogo, kwa hila, hata hutambui mpaka unaona nywele zinaruka. Na hapo ndipo nilipoziona sketi.

Nimesema nilizijua. Nilizijua zikiwa zimelala mezani, zimekunjwa, zimetundikwa kwenye misumari, zimejaa chaki na bandi. Nilijua uzito wake, na namna zinavyochosha mkono wakati wa kuzipiga pasi. Sikuwa nimewahi kuziona zikizunguka. Mwanamke alipogeuka, kali zote 24 ziliachana, kila moja ikachukua upepo wake, sketi ikapanda mpaka ikakaa kama sinia, vioo vikitupa mwanga darini, kisha ikashuka taratibu ikamfunika miguu. Wanawake mia au zaidi, wote kwa pamoja. Nikaanza kuzitafuta za baba: ile ya zambarau, ile ya pindo la dhahabu, ile ya manjano iliyomkosesha usingizi siku mbili.

"Kali," nilimwambia Ba. "Baba huita vile vipande kali."

"Ndizo," alisema. Akainua mkono, akachomoa asmini moja kwenye nywele zake, moja ambayo haijafunguka, akaniwekea kiganjani. "Hii nayo ni kali."

Tumba. Kali ni tumba la ua. Miaka yote ile nilikuwa nikimpa baba matumba, moja moja, nikidhani nampa vitambaa.

Kengele ililia. Watu walisimama na kugeukia mbele, kwenye sanamu ya Mata, mungu mama wao. Ba akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa ni ibada yetu. Ukitaka kutoka uende barazani, toka, kisha urudi. Hakuna atakayekuuliza." Nilitoka nikasimama na kaka, tukasikiliza kengele na makofi kutoka nje. Hakunisukuma nibaki wala nitoke. Aliniachia njia.

Niliporudi watu walikuwa wakigawiwa vitamu vilivyotolewa mbele ya Mata. Sahani ilipotufikia, Ba aliipitisha mbali nami kwa mkono wake, bila kuvuta macho ya mtu, akafungua mkoba wake akatoa njugu na ndizi mbili. "Vile vimewekwa kule mbele," alisema. "Hivi nimetoka navyo kwangu, havijawekwa popote. Kula, mwanangu, si umefunga mtana kutwa." Ningemwelezaje mtu yeyote adabu ile? Wapo waliosoma sana wasioijua. Nadhani aliipata Lamu, kwa majirani.

Na yeye alikuwa amefunga. Siku zote tisa hali nafaka. Viazi, matunda, maziwa na njugu basi. Tulilinganisha. Nilimweleza daku, akanieleza upvas, mfungo wao. Nikamwuliza imekuwaje mwaka huu mifungo ikakutana, akaeleza kama mwalimu: sote twahesabu kwa mwezi, lakini wao kila baada ya miaka karibu mitatu hutia mwezi wa ziada ili sikukuu zisihame majira, na sisi hatutii, ndiyo maana Ramadhani yazunguka mwaka mzima. Mwaka ule walikuwa wametia. "Lakini mwezi ni moya," alisema, akionyesha dari kana kwamba anaweza kuuona. Ikawa hivyo tena 2005, ikawa hivyo tena 2006. Mwaka 2007 wakatia mwezi mwingine, tukaachana.

Vijiti vya dandiya vilipoanza kugongwa nilikumbuka vugo, wanawake wa kwetu wakigonga pembe za ng'ombe kwenye arusi, wakizunguka vilevile, wakiangaliana vilevile usoni kila mkono unapokutana na mkono. Ba alilijua vugo. Aliniimbia ubeti mmoja, sauti imepasuka, mjukuu amemlalia kifuani.

Kaka alichungulia mlangoni. Nilimbusu Ba mkono, nikaondoka kwa mlango uleule wa nyuma.

Baba alikuwa bado kwenye cherehani. Hakuuliza habari za ukumbi, aliuliza mshono umeshika? Nikasema umeshika. Kisha nikamwekea lile tumba la asmini juu ya meza, kando ya mkasi, nikamwambia hiyo ndiyo kali. Neno lile alilolitumia miaka zaidi ya 20 ndilo jina la hiki.

Aliliangalia. Alilichukua, akaligeuza kwenye mwanga wa balbu kama anavyogeuza kifungo kutafuta tundu lake. Akakaa kimya muda mrefu, mguu ukiwa juu ya kanyagio bila kukanyaga.

"Na zikizunguka," alisema mwishowe, "hufunguka?"

Nilishangaa, na baadaye nikaona hapakuwa na la kushangaa. Nani angempeleka? Yeye alizitoa dirishani zikiwa zimekunjwa, akapokea pesa yake.

Msumarini ilikuwa imetundikwa chaniya moja ya kijani, ya kuchukuliwa kesho yake. Niliivaa juu ya dera langu, nikafunga nadu, nikasogeza benchi ukutani. Nikapiga kofi chini, nikainuka, nikageuka. Chumba kilikuwa kidogo. Pindo liligusa meza, liligusa mlango, vioo vikatupa mwanga juu ya kanzu za Idi zilizokuwa zikisubiri vifungo. Mama alitoka jikoni na kijiko mkononi akasimama. Nilizunguka mpaka kichwa kikaniuma.

Baba alikuwa ameinuka kitini.

"Simama," alisema. "Hapo. Rudi nyuma kidogo." Aliinama, akashika pindo kwa vidole viwili, akapanda na mshono mpaka karibu na kiuno. "Hii ya saba imevuta. Haifunguki sawa na wenzake."

Nikaivua. Alichukua wembe, akaanza kufumua, nami nikamshikia taa, mpaka wapiga daku wakapita kichochoroni na ngoma yao.