Helios 44-2: ule utando umetoka!

Utando uliokuwa ukirudi kila mara ndani ya Helios 44-2 yangu, lenzi ya kamera ya zamani ya Kisovieti, umetoka. Nimezima taa, nikaimulika lenzi kwa tochi kimshazari, na vioo vinavyopakana na apacha (tundu la kupitisha mwanga) havionyeshi kitu. Kuvu ya ukingoni ilitoka bila matata, ingawa imekula kidogo koti la kioo (tabaka jembamba lililopakwa juu yake) na alama hiyo haifutiki. Kilichonitoa jasho ni utando wa maziwamaziwa: unasafisha, unafunga, unafurahi, kisha lenzi ikae garini kwenye foleni ya Thika Road jua likiwaka, na huo umerudi!

Kwanza nilishuku spiriti. Ile ya duka la dawa kweli haifai, kwa kuwa nyingi hutiwa mafuta ya mbarika kwa ajili ya ngozi, nayo huacha michirizi. Nikahamia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, nikilowesha karatasi ya lenzi, si kioo chenyewe, na kufuta kwa kuzunguka kutoka katikati kwenda nje. Michirizi ikaisha. Utando ukarudi vilevile, mkaidi kuliko matatu ya Rongai.

Kumbe kioo hakina hatia. Grisi kuukuu ya helikoidi (nyuzi za skrubu zinazosogeza lenzi unapolenga) ikipata joto hutoa mafuta, yanatambaa hadi kwenye vibati vinavyofungua na kufunga apacha, kisha mvuke wake unatua kwenye vioo vya jirani. Nikaitoa grisi yote, nikavifungua vibati vyote 8, nikaviosha kwa mafuta ya laita mpaka karatasi ikatoka nyeupe. Ndipo nikarudia vioo. Nimeianika juani makusudi, na bado ni safi.

Kuhusu vifaa: kopo la hewa silitaki, ukiliinamisha linatema gesi ya majimaji. Pampu ya mpira ya kunyonyea watoto kamasi inapuliza vizuri na bei yake ni ya kucheka. Ufunguo wa kufungulia pete zinazoshika vioo nilichongewa na fundi wa jua kali Kamukunji, hautelezi hata kidogo. Na anayefuta lenzi kwa shati kabla ya kupuliza vumbi, hasa hili letu lenye mchanga, asiniletee kamera yake.

Ratiba yangu ilisema sasa ni kutia helikoidi grisi mpya. Lakini lenzi ikiwa wazi hivi, nani angejizuia? Nimekigeuza kioo cha mbele nyuma-mbele: katikati panabaki pakali, kingo zinavurugika kabisa. Jumamosi naipeleka City Park kuwapiga kima picha, helikoidi ikikwaruza hivyohivyo bila grisi.