Ukaguzi wa usalama hotelini ufanyike kaskazi, si masika

Mwenye hoteli Malindi au Watamu akikumbushwa kwamba ukaguzi wa usalama na afya kazini umefika wakati wake, mawazo huenda moja kwa moja kwenye mwezi wa Mei. Wageni wamepungua, vyumba vitupu, meneja ana nafasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka ukaguzi kamili angalau mara moja kila miezi 12, ufanywe na mshauri aliyesajiliwa. Kwa hiyo ukiufanya Mei, sheria umeitimiza. Lakini hatari za hoteli ya pwani karibu zote hujificha wakati wa masika na kujitokeza kaskazi, yaani msimu wa joto na ukavu, na ripoti utakayolipia itaeleza hoteli ambayo haiko.

Chukua stima. Mchanga wetu haushiki maji. Chuma cha ethi, kile kinachopeleka ardhini stima iliyovuja, Februari kimezungukwa na mchanga mkavu na hupitisha stima kwa shida. Baada ya mvua, chuma kile kile hupitisha vizuri. Mkaguzi akipima Mei ataandika namba ya kupendeza, na namba hiyo haitamkinga mtu anayeosha sakafu ya baa msimu wa joto. Apime wakati wa ukavu. Kipimo kikiwa kibaya, dawa ni kupiga vyuma virefu zaidi vifikie unyevu, au kuongeza vingine na kuviunganisha.

Halafu kuna swichi za miliampea 30 zinazokata stima inapovuja. Hewa ya chumvi huingia ndani yake, kutu hukamata, na swichi haikati tena ingawa kwa nje inang'aa. Kitufe cha kujaribia kibonyezwe mara kwa mara, lakini kisiaminiwe peke yake: hakisemi lolote kuhusu ethi, wala hakionyeshi swichi imekata kwa kasi gani. Mkaguzi aje na kifaa chake, na swichi ikichukua zaidi ya milisekunde 300 kukata itolewe.

Makuti ndiyo yanayonitia hofu kuliko yote. Mei yamelowa. Januari jua limeyakausha, upepo wa kaskazi unavuma, na cheche moja yatosha. Mkaguzi anayetembea hotelini akitazama ukutani tu hajakagua, atazame juu. Waya zimefungwa kwenye boriti bila paipu? Panya wametafuna ganda? Taa inayochemka iko umbali gani na kuti? Bomba la moshi la jiko la pizza linatokea wapi, na lina kofia ya wavu wa kuzuia cheche?

Mtungi wa unga wa kilo 9 ni wa kuzimia moto mdogo unaoanza. Moto ukishaingia ndani ya tabaka za makuti, unga haufiki, na palipoonekana kuzimika huwaka tena. Hapo panatakiwa maji mengi na upondo mrefu wa kuvuta makuti chini. Ndiyo maana pampu ya moto ina uzito mkubwa, na kosa lake la kawaida ni la waya: imeunganishwa baada ya swichi kuu. Moto ukizuka, mtu mwenye akili hukimbilia kukata stima, pampu inazimika, mipira inakauka. Laini ya pampu itoke kabla ya swichi kuu, au pampu iwe na injini yake ya dizeli. Kisha askari wa zamu ya usiku aambiwe aiwashe na kulenga maji kwenye kilele cha paa refu kuliko yote. Akijibu kwamba fundi ndiye anayejua, jibu hilo liandikwe kwenye ripoti kama kasoro, sawa na waya uliokatika.

Jikoni, njoo saa moja na nusu usiku wakati wa chakula cha jioni. Hapo utaona mlango wa dharura uliozibwa na kreti za soda, mafuta sakafuni, na kijana wa kibarua aliyeanza wiki hiyo bila kuonyeshwa valvu ya gesi iko wapi. Viungio vya gesi vipakwe maji ya sabuni majiko yakiwa yanafanya kazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hukaa chini. Matundu ya hewa yawe usawa wa sakafu, na mitungi ikae nje, mbali na mitaro.

Chumba cha pampu ya bwawa la kuogelea hukaguliwa haraka mno, pengine kwa sababu kina joto na ni chembamba. Ndoo ya klorini ya unga ikikaa kando ya jerikeni ya asidi, tone moja la kumwagika hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo nayo hukaa chini, hasa chumba kikiwa kimechimbwa ardhini. Aina mbili za klorini zisichotwe kwa kikombe kimoja. Zikichanganyika zinaweza kuwaka au kulipuka. Na unga ndio unaotiwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga.

Kuna na watu wenyewe. Pahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Mei, nusu ya wanakamati wamerudi kwao Kaloleni au Ganze. Mkaguzi atamhoji nani?

Kwa hiyo panga ukaguzi mwisho wa Januari au Februari. Miezi ya kufunga iwe ya kutengeneza: waya mpya, matundu, milango. Ripoti ikupe kasoro kwa mahali pake, picha, jina la anayehusika na tarehe. "Umeme uboreshwe" si maneno ya kumpa fundi. Mkaguzi arudi Julai kuona yaliyofanyika.

Kuhusu gharama, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inaweka fidia ya mfanyakazi aliyekufa au kulemaa kabisa kuwa mapato yake ya miezi 96. Weka ada ya mkaguzi kando ya hesabu hiyo.

Kabla ya kutia sahihi, muulize mkaguzi atakuja siku gani na saa ngapi. Akisema asubuhi moja inatosha kwa hoteli yenye majiko mawili, bwawa na mapaa ya makuti, tafuta mwingine.