Fimbo Niliyoiunda kwa Kipimo cha Kiganja Changu

Katika uvuvi wa chambo cha manyoya, kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Chambo hakina uzito wa kufika popote. Mshipi mnene ndio unaokibeba, na fimbo ndiyo inayoupeleka mshipi huo nyuma na mbele hadi ulale juu ya maji. Kwa hiyo kila kasoro ya fimbo huonekana majini, nami niliziona kasoro hizo kwa miaka mingi kwenye mawe ya Luchelele, ufukweni mwa Ziwa Victoria huko Mwanza, kabla sijaamua kujiundia ya kwangu.

Utotoni tulivua furu kwa mwanzi. Fimbo za uvuvi wa chambo cha manyoya nazo kwa muda mrefu zilitengenezwa kwa mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa upya, zikafuata za nyuzi za kioo, mpaka kampuni ya Fenwick ya Marekani ilipoanza kuuza za grafiti mwaka 1973. Grafiti hii ni nyuzi za kaboni zilizolowekwa kwenye gundi, zikaviringishwa juu ya chuma kilichochongoka na kuokwa, kisha chuma kikachomolewa. Ufito unaobaki ni mtupu ndani, mwepesi kuliko mwanzi, na ukipindwa hurudi upesi bila kutikisika sana.

Mjomba alinitumia ufito wa futi 9, namba 8, yaani wa mshipi ambao futi 30 zake za mwanzo zina uzito wa takriban gramu 14. Nilianza kwa kutafuta upande wake mgumu, kwa sababu karatasi ya kaboni inapoviringishwa huanzia mahali na kuishia mahali, na mahali hapo hapawi sawa na pengine. Ukiegemeza kitako chake mezani na kuubonyeza katikati huku ukiuzungusha, ufito hujigeuza wenyewe na kutulia.

Kazi iliyonichukua siku nyingi ni kupanga pete ambazo mshipi hupitia. Kanuni ya kawaida ni pete moja kwa kila futi na moja ya ziada, lakini kanuni hiyo haiujui ufito ulioshika mkononi. Nilizibandika kwa utepe, nikapitisha mshipi, nikaning'iniza uzito nchani na kutazama kama mshipi unafuata mpindo wa fimbo. Palipokatiza kona, nilisogeza pete kidogo na kuanza tena. Hapo ndipo fimbo ya dukani inaposhindwa, maana haikumsubiri mtu yeyote.

Mpini niliupunguza kwa msasa hadi kidole gumba kikalala bila kukaza. Kufunga nyuzi za kushikilia pete kulikwenda haraka. Gundi inayopakwa juu ya nyuzi hizo, hata hivyo, hutaka fimbo izungushwe polepole hadi ikauke, isije ikachuruzika upande mmoja. Nilitumia mota ndogo ya kuzungushia sahani kutoka oveni mbovu ya maikrowevu, na umeme ulipokatika nikaizungusha kwa mkono hadi karibu na alfajiri.

Sangara wa kwanza niliyempata nayo alikuwa mdogo, lakini nilihisi kila alipotikisa kichwa, hadi kwenye kiwiko. Tangu hapo sijaigusa ile ya zamani. Jambo moja tu hunifanya niikunje mapema: mawingu yakianza kunguruma upande wa Ukerewe, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme, na ziwa letu lina radi nyingi mno kwa mtu aliyesimama juu ya jiwe akiwa ameinua fimbo ya futi 9.