Aliyejificha Ndani ya Wingu

Mwaka 2018 mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alikuja kwangu Kampala kutoka Bombo na daftari la shule la kurasa 96. Lote limejaa hadithi za kale, amezinakili kwa Kiswahili na mwandiko wake wa ubaoni. Alitaka kuzichapa ziwe kitabu kidogo cha watoto wa nyumbani, vitukuu vya askari wa Keya, jeshi la Waingereza la enzi ya ukoloni, ambao Kiswahili wanakisikia kila siku vibarazani lakini cha kusoma hawana. Pesa alikuwa amedunduliza mwenyewe. Kilichobaki ni jalada.

"Nichoree Kibuuka," akaniambia. "Lakini mwanangu, yule mtu yumo winguni. Ukimweka wazi, umemwua kabla ya Wanyoro."

Hadithi yenyewe nilikuwa naijua tangu utotoni. Kibuuka alikuwa mpiganaji wa visiwa vya Ssese, ndugu yake Mukasa, mungu wa ziwa. Kabaka Nakibinge, mfalme wa Buganda, alipoelemewa na Bunyoro aliomba msaada Ssese, akapewa Kibuuka. Huyo alipaa, akajificha ndani ya wingu, akawamiminia maadui mishale wasijue inakotoka. Sharti moja alipewa: asiwe na lolote na mwanamke mateka. Akalivunja. Mwanamke akaijua siri ya wingu, akatoroka usiku, akawapelekea watu wake. Vita vilipoanza tena mishale yao ikalenga juu, na Kibuuka akaja kuangukia mti wa mvule kule Mbaale, Mawokota.

Nilikuwa nimeshachora mazimwi, majini na mashujaa kwa miaka sita, na karibu kazi yote niliifanya moja kwa moja kwenye kibao cha kidijitali, kwa Krita, programu ambayo mtu huipakua bure. Kibuuka wa kwanza nilimmaliza kwa usiku mbili. Alikuwa na misuli, jasho, na kila unyoya wa mshale umeng'arishwa. Nilipomtazama asubuhi nikaona nimemwonyesha mjomba kile kile alichokikataa. Wingu lilikuwa pamba iliyobandikwa kifuani pa mwanamume.

Nilikaa na picha hiyo muda mrefu nikitafuta kosa liko wapi. Kwenye kibao unaweza kuisogeza picha karibu mpaka kope moja la jicho linajaza skrini nzima. Jicho likishafika huko, mkono haukubali kuacha kitu bila kukimaliza. Kila kona inapata mwanga wake, na picha inakosa pa kunyamazia.

Nikachukua boda mpaka Jumba la Makumbusho la Uganda, Kitante. Masalia ya Kibuuka yako huko. Yalipelekwa Cambridge, Uingereza, kwa mkono wa mmisionari John Roscoe, yakarudishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Nilikuwa nimezoea kuchora viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwazika. Huyu watu waliitunza hata mifupa yake. Nilitoa penseli nikachora simbi, yaani kauri, zilizoshonwa, moja moja, na mkono ukatulia. Ni hizi simbi ambazo jina lake kwa Kiganda hadi leo ndilo jina la pesa.

Niliporudi nyumbani sikuwasha kompyuta. Nilichora picha 12 ndogo, kila moja kama kiberiti, kwa ajili ya kupanga tu wingu likae wapi na jina la kitabu likae wapi. Nikaichagua ya saba. Kwenye karatasi nzito ya A3 nikaweka mistari ya kwanza kwa penseli ngumu ya H, nyepesi sana. Halafu nikakwangua risasi ya penseli laini ya 6B kwa wembe mpaka nikapata unga wa kujaa kijiko, nikausugua karatasi nzima kwa kipande cha kanga kuukuu. Karatasi ikawa kijivu kama anga la ziwani kabla ya mvua.

Hapo nikashika raba laini, ile ya kufinyanga kama unga wa chapati, nikaichonga ncha kwa vidole. Nilipogusa, paling'aa, bega likajitokeza. Nikagusa tena, ukatoka ukingo wa uta. Kidole gumba kikatoka, kimebana mshale. Mtu wangu alikuwa anakuja kwa kufutwa, na kila nilichokiacha bila kukigusa kilibaki wingu. Uso sikuugusa kabisa. Niliweka alama moja tu ndogo pale panapoanzia paji, nikaweka raba chini kabla mkono haujanishawishi zaidi.

Jumamosi nilipanda taksi kwenda Mawokota. Nilitaka kuiona nchi ambayo Kibuuka aliiona kutoka juu, na nilitaka lubugo, nguo ya gome la mutuba. Mzee mmoja fundi alinikaribisha chini ya kibanda chake. Alikuwa anaponda gome kwa nyundo ya mti yenye mifereji. Wanaanza na ile ya mifereji mipana, wanamalizia na ya mifereji myembamba, na gome linatanuka mpaka linakuwa kitambaa. Kwenye shamba alinionyesha mti uliochunwa, umefungwa majani ya mgomba kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi. "Unapona, binti yangu," alisema kwa Kiganda. "Mwakani unatoa tena." Nikanunua kipande cha upana wa meza. Katikati kilikuwa na kiraka, pale palipokuwa na tundu kwenye gome, kimeshonwa kwa mkono, mishono mirefu isiyolingana.

Sasa ndiyo nikawasha kompyuta. Skana yangu ni ya A4, kwa hiyo mchoro niliuingiza nusu mbili kwa nukta 600 kwa inchi, nikaziunganisha. Leya ya penseli, yaani tabaka lake kwenye programu, nikaiweka juu katika hali ya kuzidisha: weupe wa karatasi unapotea, kijivu cha risasi kinabaki, na rangi inapita chini yake. Rangi sikuigusa mpaka nilipohakikisha giza na mwanga vinasimama vyenyewe. Mtu akikimbilia rangi mapema, rangi inamficha makosa yake. Kisha nikaipindua picha kushoto kulia, kitu ambacho kwenye karatasi kingenilazimu kutafuta kioo, na mara nikaona mkono wa uta ni mfupi. Ningeweza kuuvuta pale pale kwenye skrini. Nilirudi kwenye karatasi nikaurekebisha kwa raba na penseli, nikaskani upya, maana nilitaka mkono ule utoke kwenye unga ule ule.

Kibao nakipenda, na kazi hii isingekamilika bila hicho. Jua nilijaribu kulizamisha mara kumi na moja: nyuma ya wingu, chini yake, upande wa Ssese, upande wa bara. Kwenye karatasi jua ni moja, ukikosea umekosea.

Lubugo nililiskani pia, nikalitandaza juu ya anga yote kama leya nyembamba. Mbingu ikapata nyuzi, ikawa nyekundu ya udongo. Ila kile kiraka kilikuja kukaa karibu na wingu, na nilishachukua brashi ya kukifuta nilipoona mishono imeangukia wapi: chini ya kwapa la mkono ulioinuliwa, hasa pale mshale wa adui ungeingia. Nikaiweka brashi. Nilikaa nikaitazama ile mishono ya yule mzee mpaka adhana ya alfajiri.

Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, ilinipa taabu moja. Vivuli vyangu vilikuwa vya zambarau, vinawaka kwenye skrini, na prufu ya kwanza, yaani nakala ya majaribio, ilitoka na matope. "Dada, zambarau hiyo mashine haina," fundi alinieleza kwa upole. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Mashine ina wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi ambazo hizo nne haziwezi kuzifikia. Nikaitoa zambarau yote, vivuli nikavirudishia rangi ya lubugo. Prufu ya pili ilitoka tulivu, na unga wa penseli ulionekana mpaka chembechembe.

Niliipeleka Bombo mwenyewe. Mjomba aliivaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu. Alikuwa kimya. Kidole chake kilitembea juu ya wingu polepole, kikapita uta, kikapita bega, kikasimama kwenye mishono.

"Yumo," akasema.

Akaitazama tena, sasa sehemu ya chini, kule nilikochora vilima na askari wadogo kama sisimizi.

"Na yule mwanamke? Aliyekimbia na siri usiku. Yuko wapi?"

Sikuwa nimemchora. Wiki nne zote hizo sikuwa hata nimemfikiria. Mjomba aliigeuza prufu, akanisogezea ule upande mweupe juu ya meza, na mimi nikatafuta penseli kwenye mkoba.