Mombasa–Nairobi: kilomita 420 na mizunguko mitano

Kutoka uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hadi ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ukipima moja kwa moja angani, ni kama kilomita 420. Tiketi ilisema tunaondoka saa 1:00 asubuhi na kufika saa 2:05. Kwa mwendo wa jeti wa kilomita 800 kwa saa, hesabu inaleta dakika 32 tu, ndiyo maana wengi hudhani muda wa tiketi umetiwa chumvi. Sivyo. Muda huo huanza ndege inapotoka maegeshoni na kuisha inapoegeshwa tena. Sisi tuliacha ardhi saa 1:12. Tena kwa safari fupi namna hii ndege haipati nafasi ya kukimbia: inapanda, inatulia kidogo, inaanza kushuka.

Ukisafiri asubuhi kuelekea Nairobi omba kiti A. Kilimanjaro hutokea kushoto, umbali wa kama kilomita 100, na jua la asubuhi linaupiga usoni. Magoti yatabanwa na kiti cha mbele, hilo halina dawa. Begi la mkononi lipime nyumbani. Langu lilizidi kilo 7 zilizoruhusiwa, nikalipishwa pesa ya kuumiza roho.

Saa 1:46, badala ya kuendelea kushuka, ndege ikalalia kulia. Kipande cha jua kikaingia dirishani, kikatambaa juu ya kimeza changu hadi kwenye mkono wa mama aliyekaa kando yangu, kikapotea. Baada ya dakika 4 kikarudi. Huo ndio mzunguko wa kungojea: dakika moja kugeuka, dakika moja kwenda, moja kugeuka tena, moja kurudi.

“Mwanangu, tunarudishwa Mombasa?” mama akauliza.

“Bado, mama. Wanangoja ukungu uinuke.”

Rubani alikuwa ametangaza hivyo. Usiku mvua ilinyesha, kisha mbingu ikatakata. Ardhi ikapoa upesi na unyevu ukageuka ukungu, ukalala juu ya tambarare za Athi. Jua likishaipasha ardhi joto, unaachia. Jomo Kenyatta ina njia moja tu ya kurukia, hivyo hata ukungu ukiachia, ndege zote zilizokuwa zikingoja hupanga foleni ya kutua. Kuzunguka si kubahatisha: ndege hubeba mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba, yaani mwingine wa kutua hapa pakishindikana, na juu yake ya dakika 30 nyingine. Yakikaribia kiwango cha kwenda uwanja wa akiba, rubani hasubiri tena, anaondoka.

Tulizunguka mara tano, dakika 20. Magurudumu yakagusa saa 2:17, tukaegesha saa 2:24.

Kwangu ilikuwa kuchelewa dakika 19 basi. Mama alikuwa na ndege ya Kisumu saa 2:55, tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Hapo ndipo penye hasara. Tiketi ikiwa moja, begi huhamishwa na wenye ndege, na ukiachwa ni juu yao kukutafutia nafasi. Zikiwa mbili, unangoja begi lako, unalipeleka kaunta upya, na ukiachwa umeachwa. Kwa asubuhi za Nairobi, acha muda wa saa mbili nzima kati ya ndege moja na nyingine, zikiwa tatu afadhali.

Begi lake, la buluu lililofungwa kwa kamba ya katani, lilitokea kwenye mkanda saa 2:43. Kaunta ya Kisumu ilikuwa imeshafungwa. Alinunua tiketi nyingine, ya saa 8 mchana.